Kolwezi 1978: vita moja, habari nyingi



Swali ambalo linarudi kila mara kwenye simu ya redio ni hili: "Redio fulani inasema hivi, ingine inasema vile, tuamini ipi?" Mara nyingi anayeuliza ni mtu ambaye habari yenyewe inamhusu: mama ambaye nyumba yake imebomolewa kwa sababu ya mgodi, kijana aliyefukuzwa kwenye shimo, jamaa waliokimbia vita na wanangoja kusikia kama njia ya kurudi imefunguka. Kwao habari si mazungumzo ya kupitisha jioni. Wanataka kujua walale wapi kesho.

Leo nitajibu kwa njia ya historia, kwa sababu mji wetu una mfano mkubwa. Mwezi wa tano 1978, kwa siku chache, dunia nzima ilitaja jina la Kolwezi. Kila redio na kila gazeti lilisimulia vita ileile, na kila moja lilisimulia vita yake. Ukisoma habari zile leo, unaona kwamba mara nyingi hakuna aliyehitaji kusema uongo. Ilitosha kuchagua pa kuanzia, pa kumalizia, na maiti za kuhesabu.

Yale ambayo wote wanakubali

Siku ya posho, tarehe 13 mwezi wa tano 1978, alfajiri, wapiganaji elfu chache wa FLNC, yaani Front de libération nationale congolaise, waliingia Kolwezi. Walitoka Angola wakapitia upande wa Zambia. Mkubwa wao alikuwa Nathanaël Mbumba. Shina la jeshi lile lilikuwa majandarme wa Katanga, askari wa Moïse Tshombe wa miaka ya kujitenga, 1960 hadi 1963, ambao walikimbilia Angola. Vijana wengine waliongezeka baadaye, kule uhamishoni. Mwaka mmoja mbele, mwezi wa tatu 1977, walikuwa wamekwisha kuingia mara ya kwanza, wakashika Dilolo, Kisenge na Mutshatsha, mpaka askari wa Maroko walipoletwa kwa ndege za Ufaransa kumsaidia Rais Mobutu.

Mara hii ya pili walishika Kolwezi yenyewe, moyo wa Gécamines. Mji ulikuwa na wakaaji weusi zaidi ya elfu mia moja, na Wazungu zaidi ya elfu mbili, wengi wao Wabelgiji na Wafaransa waliofanya kazi za mgodi pamoja na jamaa zao.

Tarehe 16 askari wa miavuli wa Zaire walirushwa Kolwezi, na wengi waliuawa. Kikosi kingine cha Zaire kilichoongozwa na Meja Mahele kilifika na kushika uwanja wa ndege. Tarehe 19 alasiri, askari wa Légion étrangère ya Ufaransa, kikosi cha 2e REP chini ya Kanali Philippe Erulin, waliruka kwa miavuli juu ya mji. Kesho yake askari wa Ubelgiji walitua kwa ndege. Katika siku chache karibu Wazungu wote waliondolewa, na wapiganaji wa FLNC walirudi walikotoka.

Watu wengi walikuwa wamekufa. Katika mtaa wa P2, ndani ya nyumba moja tu, zilikutwa maiti zaidi ya 30 za Wazungu, wanawake na watoto wakiwa ndani yake. Barabarani, kwenye makambi ya wafanyakazi na kwenye mitaa ya Manika, weusi pia walikuwa wamelala wamekufa.

Hayo ndiyo matukio. Sasa tuangalie yalivyosimuliwa.

Hata jina ni habari

Angalia kwanza majina. Serikali ya Mobutu iliita vita ya 1977 "vita ya siku 80", na ya 1978 "vita ya siku sita". Vitabu vya ng'ambo vinasema "Shaba ya kwanza" na "Shaba ya pili". Wafaransa walikuwa na "Opération Bonite", ambayo wengine waliita "Léopard". Wabelgiji walikuwa na "Red Bean". Sisi hapa tunasema tu "vita ya Kolwezi".

Siku sita ni zipi? Ukihesabu kutoka tarehe 13 unafika tarehe 19, siku Wafaransa waliporuka. Kwa anayetumia jina hilo, vita inaisha muokozi anapofika. Lakini kwa jamaa nyingi za Kolwezi, na hasa za vijiji vya upande wa Mutshatsha, Kasaji na Dilolo, ubaya haukuisha tarehe 19. Askari wa serikali walirudi na kuanza kutafuta nani alipokea waasi, nani aliwapa maji, nani anasema lugha yao. Walunda wengi walitazamwa kama waasi kwa sababu ya kabila tu. Maelfu ya watu walivuka mpaka kuingia Angola. Ukisema siku sita, watu hao wote wanabaki nje ya habari.

Kinshasa: "wametoka nje"

Zaire ya wakati ule ilikuwa na chama kimoja, MPR, na habari zote zilipita mkononi mwake: shirika la habari AZAP, redio La Voix du Zaïre, magazeti ya Elima na Salongo. Simulizi lao lilikuwa moja: nchi imeshambuliwa na watu wa nje, mamluki waliotumwa na Cuba na Urusi.

Neno "mamluki" lilifanya kazi kubwa. Kama aliyeshika bunduki ni mgeni aliyelipwa, hakuna haja ya kuuliza ana malalamiko gani. Lakini kama ni mtoto wa Shaba, aliyezaliwa Dilolo au Kapanga, maswali yanakuja: kwa nini alikimbia? Kwa nini anarudi na bunduki? Kwa nini vijana wengine wa mji walimshangilia alipofika? Kinshasa haikutaka maswali hayo. Ni kweli kwamba walitoka Angola. Jambo ambalo halikutajwa ni kwamba mbele ya kutoka Angola, walikuwa wametoka hapa.

Wao wenyewe, FLNC, walisimulia kinyume. Kwao huo ulikuwa ukombozi, watoto wa nchi wanarudi nyumbani kumtoa Mobutu. Mauaji ya Wazungu waliyaweka juu ya askari wa Mobutu. Na wao pia walikuwa na watu ambao hawakutaka kuwataja: wakaaji waliouawa na wapiganaji wao, na maduka na nyumba zilizoporwa katika siku zile ambazo mji ulikuwa mkononi mwao.

Paris na Bruxelles: nani ameokoa, nani amechelewa

Waandishi wengi wa ng'ambo waliingia Kolwezi nyuma ya askari. Jambo hili ni dogo, lakini linaeleza mengi. Mtu anayeingia mji akiwa nyuma ya bega la askari anaona kile ambacho askari anaona: njia imefunguliwa, mama Mzungu anatoka mafichoni akilia, watoto wanapanda ndege. Picha za P2 zilizunguka Ulaya yote. Nchini Ufaransa, chini ya Rais Valéry Giscard d'Estaing, habari ikawa habari ya kuokoa: wanajeshi mia chache wameruka katikati ya hatari na wametoa watu katika kifo.

Watu waliokolewa kweli, na mtu asifanye mchezo na jambo hilo. Mtoto aliyetoka hai P2 hakuwa propaganda ya mtu.

Bruxelles ilikuwa na mabishano yake. Serikali ya Leo Tindemans ilisema Ubelgiji inakwenda kuondoa watu wake tu, si kusimamisha utawala wa Mobutu. Kule habari iligeuka kuwa ugomvi wa nchi mbili: Ufaransa imekimbilia Kolwezi kwa huruma, au kwa kutaka kuchukua nafasi ya Mbelgiji kwenye shaba ya Katanga? Wafaransa wakauliza: kwa nini Wabelgiji wamechelewa siku moja wakati watu wao wanakufa? Kulikuwa na swali lingine zito: je, kuruka kwa askari wa Zaire tarehe 16 kuliwatia hasira wapiganaji na kuongeza mauaji? Swali hilo wataalamu wanaendelea kubishana juu yake.

Ukisoma mabishano haya, unaona Ufaransa, unaona Ubelgiji, unaona Mobutu. Kolwezi ni mahali tu. Ni kama nyumba ambayo wageni wawili wanagombana ndani yake, na mwenye nyumba amesimama nje kwenye mvua.

Washington, Havana, Moscow: vita ya wengine

Mbali zaidi, habari ilibadilika tena. Tarehe 25 mwezi wa tano, akiwa Chicago, Rais Jimmy Carter wa Marekani alisema Cuba ilijua mpango wa kushambulia Shaba na haikuuzuia, na kwamba ilikuwa imewafundisha wapiganaji hao. Fidel Castro alikana. Alisema kwamba tarehe 17, yaani siku mbili mbele Wafaransa hawajaruka, alimwita mwanadiplomasia wa Marekani kule Havana na kumwambia Cuba haimo katika jambo hili na ilijaribu kulizuia. Hata Washington wenyewe, wabunge wengine hawakuridhika na ushahidi wa rais wao. Moscow nayo ilisema ni uvamizi wa nchi za OTAN katika mambo ya ndani ya Zaire.

Kwa juma nyingi, magazeti ya dunia yalijaza kurasa na swali la kama Castro alijua au hakujua. Ilikuwa miaka ya vita baridi, na kila moto uliowaka Afrika ulitafutiwa kiberiti Moscow au Washington. Swali la kama Manika kuna maji, kama hospitali ina dawa, kama watu waliokimbilia porini wamerudi, halikuwa na nafasi.

Na kulikuwa na habari ya nne, ile ya kurasa za biashara. Zaire ilikuwa mtoaji mkubwa kabisa wa kobalti duniani, na sehemu kubwa ilitoka ardhi yetu hii. Mwanzo wa 1978 kobalti iliuzwa chini ya dola 7 kwa ratili moja. Mwanzo wa 1979 bei iliyotangazwa ilifika dola 25. Msomaji wa kurasa zile alijifunza kutamka jina Kolwezi kwa sababu ya injini za ndege. Kwake watu waliokufa walikuwa sababu ya bei kupanda.

Hesabu mbili

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Angalia hesabu za waliokufa. Kwa Wazungu, hesabu nyingi ziko kati ya 120 na 170. Watu wamezibishana, wamezisahihisha, wametafuta jina kwa jina. Jamaa nyingi zao zilipewa maiti au zilipewa jibu. Askari watano wa Légion waliokufa wanatajwa kwenye sherehe zao mpaka leo.

Kwa weusi, hesabu ambayo inarudiwa zaidi ni 700. Tazama namba hiyo vizuri. Kifo hakiji kwa mamia kamili. Namba inayoishia na sifuri mbili inatuambia kwamba hakuna aliyekwenda nyumba kwa nyumba kuuliza. Mtu alikadiria, mwingine akaandika, wa tatu akanakili, na miaka zaidi ya arobaini imepita. Ndani ya 700 hiyo ni nani raia, nani mpiganaji, nani askari? Nani aliuawa na FLNC, nani na jeshi la Zaire, nani na risasi za waliokuja kuokoa? Namba haijibu. Na waliouawa vijijini wakati wa msako wa baadaye, je, wamo ndani yake? Haijibu hata hilo.

Ndiyo sababu nasema tofauti ya habari si jambo la maneno tu. Mtu aliyehesabiwa jamaa yake inaweza kudai. Mtu aliyekadiriwa jamaa yake inaambiwa pole, basi.

Miaka miwili baada ya vita, mwaka wa 1980, Ufaransa ilitoa filamu "La légion saute sur Kolwezi", iliyoongozwa na Raoul Coutard kutokana na kitabu cha Pierre Sergent. Haikupigwa Kolwezi, ilipigwa Guyane, Amerika ya Kusini. Wazungu wengi wa umri fulani wanaijua Kolwezi kwa filamu ile. Kwa hiyo mji ambao dunia inakumbuka ni mji wa Guyane, na sisi tuliobaki kwenye mji wa kweli hatujaandika bado simulizi letu lenye nguvu kama hiyo.

Neno linaweza kufukuza mtu

Musidhani kwamba ni wageni tu wanaofanya hivyo. Mwaka wa 1992 na 1993 tulifanya wenyewe.

Wasomaji wangu mlioko Mwene-Ditu, Mbuji-Mayi na Kananga, ninyi ambao wazazi wenu walipanda gari-moshi hapa stesheni ya Kolwezi, mnajua ninachosema. Watu wa asili ya Kasai walikuwa wameletwa Katanga tangu wakati wa wakoloni kufanya kazi ya njia ya reli na ya Union Minière. Wengi walizaliwa hapa, walisoma hapa, walizika wazee wao hapa. Mwaka wa 1992, wakati wa ugomvi wa madaraka kati ya Nguz Karl-i-Bond na Étienne Tshisekedi, siasa ya chama cha UFERI na ya liwali Kyungu wa Kumwanza iliwageuza kuwa adui. Likasi ilianza mwaka ule ule. Kolwezi ilifuata mwezi wa tatu 1993. Makumi ya maelfu ya watu walilala kwenye stesheni na kwenye masomo wakingoja gari-moshi, na wengi, hasa watoto, walikufa pale kwa njaa na magonjwa, au njiani.

Mbele ya panga lilikuja neno. Kwenye mikutano waliitwa "bilulu", wadudu. Mdudu haulizwi amezaliwa wapi, anafagiliwa. Halafu, watu walipokuwa wamelala stesheni, yalikuja maneno mengine laini: wanasiasa wa hapa walisema watu hao "wanarudi kwao". Mashirika ya haki za binadamu ya ng'ambo yaliandika kwamba wanafukuzwa kwa sababu ya kabila. Kwa Kifaransa walibaki na jina "refoulés", waliorudishwa, kama vile Kasai ndiko walikotoka juzi.

Watu walewale, benchi lileile la stesheni. Anayerudi kwao anasaidiwa kubeba mzigo. Anayefukuzwa anastahili kurudishiwa nyumba. Neno ambalo redio ilichagua asubuhi liliamua ni lipi kati ya hayo mawili jirani atafikiri jioni.

Shimo la KOV, 2019

Tuje karibu zaidi. Hapa Mashamba jina linasema mashamba, lakini macho yanaona mashimo ya mgodi. Si mbali na hapa ni shimo la KOV. Tarehe 27 mwezi wa sita 2019, udongo uliporomoka pale juu ya wachimbaji ndani ya eneo la Kamoto Copper Company, kampuni iliyo chini ya Glencore ya Uswisi.

Tangazo la kwanza la kampuni lilitaja watu 19 waliokufa. Liliwaita wachimbaji haramu, na kueleza kwamba kila siku watu wapatao 2,000 wanaingia eneo lake bila ruhusa. Liwali wa Lualaba wa wakati ule, Richard Muyej, alitaja 36, halafu hesabu ikafika 43. Redio za hapa nchini zilisema "creuseurs", wengine wakasema "clandestins". Habari za biashara za London zilitangaza kwamba bei ya hisa za Glencore imeshuka. Siku chache baadaye jeshi lilikuja, na wachimbaji waliamriwa watoke kwenye eneo hilo.

Nitakuwa wa haki. Neno "haramu" lina msingi wa sheria. Kodi ya madini ya 2002, iliyobadilishwa 2018, inamtaka mchimbaji wa mikono awe na karata na afanye kazi ndani ya eneo lililotengwa kwa uchimbaji wa mikono. Eneo la kampuni si eneo hilo. Kampuni haikusema uongo.

Lakini tuangalie neno hilo lilikaa wapi. Lilikaa mbele ya kifo. Msikilizaji anasikia kwanza kosa, kisha anasikia maiti, na moyo wake umekwisha kuhukumu. Habari ingeweza kuanza vilevile na mambo mengine ya kweli: kwamba maeneo yaliyotengwa kwa wachimbaji wa mikono ni machache na mengi hayana madini ya kufikika kwa sepetu, kwamba ardhi nzuri imegawiwa makampuni, kwamba baba anayeingia usiku ana watoto wa kulipia masomo. Hayo nayo hayafuti sheria. Yanaeleza kwa nini watu 2,000 wanaivunja kila siku wakijua udongo unaua.

Na kuna mtu wa tatu ambaye hakutajwa na upande wowote: mjane. Mume akiitwa mfanyakazi, mjane ana haki za kudai. Akiitwa mchimbaji wa mikono, anaweza kutafuta kooperative yake. Akiitwa haramu, mjane anaogopa hata kwenda kutambua maiti.

Namna ya kusikiliza

Basi tuamini redio ipi? Mimi ni mtu wa redio, na sitawaambia mtupe redio zenu. Nitawaambia namna ambayo historia hii imenifundisha kusikiliza, hata wakati wa kusikiliza kituo changu mwenyewe.

Usikilize kwanza nani amepewa jina na nani amepewa namba. Usikilize habari inaanza siku gani na inaisha siku gani, kwa sababu anayechagua tarehe amechagua pia mwenye kosa. Usikilize tendo: "watu walikufa" si sawa na "watu waliuawa", na "waliuawa" si sawa na "askari waliwaua". Uulize mwandishi alisimama wapi alipoona alichoona, nyuma ya bega la nani. Na usikilize vituo viwili au vitatu, si kwa kutafuta kipi ni kitakatifu, bali kwa kuona kila kimoja kimeacha nini. Mara nyingi kile ambacho wote wameacha ndicho chako.

Kwa ninyi mliohamishwa, neno hili ni zito zaidi. Mtu akija na karatasi kuandika habari zenu, awe wa kampuni, wa serikali, wa shirika au wa redio, muulizeni ameandika neno gani mbele ya majina yenu. Mkimbizi, aliyehamishwa, mvamizi, aliyerudi kwao, haramu: kila neno lina mlango wake, na milango mingine haifunguki. Ombeni asome kwa sauti mbele ya kuweka kidole.

Na kwa wazee wa 1978, ambao walikuwa Manika, Musonoi, Luilu au Kapata siku ile ya posho: mnapungua. Ile 700 haitasahihishwa na Paris wala na Bruxelles. Chukueni kaye ya mjukuu, muweke ndani yake jina la mtu mnayemkumbuka, mtaa wake, siku aliyokufa, na aliyemuua kama mlimwona. Mstari mmoja kwa mtu mmoja. Mwenye redio, mwenye parokia, mwalimu wa masomo, kila mmoja anaweza kukusanya za mtaa wake. Orodha hiyo ikifika watu 40 tu walio na majina, itakuwa habari ambayo hakuna aliyeitoa bado juu ya vita ya Kolwezi.